Baruti Juu ya Mafiga

Wajukuu zangu, na ninyi msio wajukuu zangu lakini mna umri wao, nisikilizeni nikiwa bado na hasira. Hasira ikinitoka nitaanza kuwabembeleza, na hili si jambo la kubembelezana.

Nimekaa Kyela miaka mingi kuliko niliyokaa kwetu Kondoa. Nililetwa kwa uhamisho nikiwa binti mwembamba, nikakabidhiwa ghala la ofisi ya wanyamapori: bunduki za askari, risasi zao, na baruti iliyokamatwa kwa watu. Kazi yangu ya pili, ambayo hakuna aliyenitajia siku naanza, ilikuwa kufuatana na polisi kwenda majumbani kwa wenye leseni za magobole na shotigani, kuangalia wanaweka wapi vitu vyao. Watu wakaniita Mama Baruti. Nimestaafu, jina limebaki. Na mpaka leo mnakuja kibarazani kwangu na simu zenu, mnanionyesha picha za masanduku. Mama, hili zuri? Mama, hili la rangi ya kijivu au lile jeusi? Nawajibu kwa adabu, halafu mkiondoka nasonya mpaka jirani ananiuliza kuna nini.

Tuanze na maji, maana hapa kila kitu kinaanza na maji. Kwetu Kondoa ukiacha karatasi juu ya meza mwaka huu, mwakani utaikuta ileile, imekauka zaidi. Kyela mvua ikishika mwezi wa nne, chumvi inalia ndani ya kopo, viatu vinaota ukungu chini ya kitanda, na shuka uliyoianua jana inanuka utadhani ilisahauliwa mtoni. Baruti inakunywa unyevu huo. Fataki, vile vikofia vidogo vinavyowasha baruti ya gobole, vinaota kutu ya kijani. Mtu anafyatua, kimya. Analigeuza gobole atazame kulikoni, na hapo ndipo linapolia. Kwa hiyo kila mwenye gobole wa hapa ana wazimu mmoja, nao ni kukausha. Hata mwizi hamwogopi kama anavyouogopa unyevu. Likumbukeni hilo tunapoendelea.

Aliyenifundisha ghala ni Mzee Ndahani, Mgogo mmoja mkali ambaye kicheko chake na kikohozi chake vilikuwa kitu kimoja. Siku ya kwanza alinisimamisha mbele ya kabati la mbao akaniuliza kama ni salama. Nikatazama kufuli, likanijaza macho, nikasema ni salama. Akatoa bisibisi mfukoni, akafungua skrubu za bawaba kwa nje, akauvua mlango mzima pamoja na kufuli lake, akanikabidhi mikononi. "Haya, shika usalama wako," akasema. Nilibaki nimebeba mlango katikati ya ghala huku yeye akikohoa kile kicheko chake.

Toka siku hiyo sitazami kufuli. Natazama bawaba, natazama komeo limeshikwa na nini. Likishikwa na skrubu za nje, hujafunga kitu. Komeo lipitishwe boliti, nati ikae ndani. Kisha natazama kama sanduku lenyewe limekazwa ukutani au sakafuni, kwa sababu sanduku unaloweza kulibeba peke yako hata mwizi analiweza. Umemfungashia tu. Na funguo zenu nazijua zilipo bila kuonyeshwa: juu ya fremu ya mlango, ndani ya Biblia au nyuma ya Msahafu kutegemea ni nyumba ya nani, au kwenye kile kikombe cha kabatini kisichonywewa chai. Mkinibishia, nikaribisheni kwenu nizitafute.

Kuna mfanyabiashara mmoja wa mjini, simtaji, ana wajukuu shuleni na nyinyi. Yeye alihifadhi risasi za shotigani yake kwenye friji bovu. Msicheke haraka. Mpira wa mlango wa friji unazuia unyevu, na mwenyewe alitia komeo zuri tu. Nilimsifu mbele ya polisi. Basi shemeji yake, fundi wa umeme, akaona huruma, akalitengeneza friji. Likaanza kunguruma. Komeo likang'olewa kwa kuwa lilikuwa linachelewesha watu, na mkewe akapanga soda na samaki juu ya boksi za risasi. Nilipokwenda kukagua tena, nilikaribishwa soda iliyofukuliwa katikati ya risasi, baridi kabisa, inatoa jasho. Yule mama nilipomwuliza boksi zile ni za nini, akasema labda betri, mume wake ana mambo mengi. Nilicheka siku ile, na polisi alicheka mpaka akaketi. Siku hizi nikimkumbuka yule mama akichomoa soda mle ndani, sicheki.

Haya, chuma au mbao? Hili mnaniuliza kila siku, na kila siku fundi wa kuchomelea ameshawajibu kabla yangu kwa sababu ana chuma cha kuuza. Risasi za kiwandani ziwekwe kwenye kasha la chuma, ndani ya boksi zake zilizokuja nazo. Lakini baruti ya unga, ile kidogo uliyoruhusiwa, usiifungie ndani ya chuma kilichobanwa kama mtungi. Ikishika moto humo inatafuta njia ya kutokea, na njia yake ni wewe. Ikae kwenye chombo ilichouzwa nacho, ndani ya sanduku la mbao nene, peke yake. Fataki zikae mbali nayo, chumba kingine ikiwezekana. Sanduku liinuliwe juu ya matofali, maana mito yetu hii ikifurika haipigi hodi. Liwe mbali na jiko, mbali na mtungi wa gesi, mbali na petroli ya bodaboda. Kuvuta unyevu, kaanga mchele mkavu bila mafuta, uufunge kwenye kitambaa, uweke humo, ubadilishe ukilainika. Ila usitumie mchele wetu wa Kyela unaonukia, panya watatoboa sanduku kwa ajili yake. Mimi hununua mchele mbaya wa dukani, ule ambao hata panya wanaupita.

Hayo yote ni kazi rahisi. Mtu yeyote mwenye pesa kidogo na fundi mwaminifu anayaweza. Kinachonipandisha damu ni kingine, na ili mkielewe lazima niwapeleke kijiji cha Busale.

Huko alikuwepo Mzee Mwangoka, mkulima wa mpunga na kokoa, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache na mazuri. Gobole lake alilirithi kwa baba yake na leseni yake ilikuwa safi. Ngedere walikuwa wanamlia kokoa, na mkulima anayeliwa kokoa yake na ngedere ninamwelewa. Tulikwenda kukagua kwake mimi na polisi mmoja, mvua ikinyesha ile ya rasharasha isiyoisha. Mzee akatupokea vizuri, ndaga, asante za hapa, zikawa nyingi, chai ikaja. Akatupeleka chumbani kwake akatuonyesha sanduku. Vijana, lilikuwa sanduku. Mninga mzito, bawaba za ndani, komeo la boliti, limekazwa ukutani. Polisi akaandika anachoandika akarudi kwenye chai yake.

Mimi nikaomba lifunguliwe. Baruti ina harufu yake, kama njiti ya kiberiti iliyowashwa ikazimwa, na haitoki kwenye mbao hata ukiiondoa. Sanduku lile lilinukia mninga mtupu. Nikamwuliza baruti iko wapi. Akasema iliisha siku nyingi, anasubiri kibali cha kununua nyingine. Lakini wakati tunaingia nilikuwa nimeona ngedere wawili wametundikwa kwenye mikokoa ya njiani kuwatisha wenzao, na walikuwa bado wabichi.

Sikubishana naye. Nikasema naomba maji ya kunawa, nikaelekea jikoni. Mwanamke akielekea jikoni hakuna anayemwuliza anakwenda wapi.

Jiko lilikuwa nyumba ndogo ya peke yake uani. Ndani alikuwemo Tumpe, mke wa mtoto mkubwa wa mzee. Mume yuko Mbeya anaendesha malori, mke amebaki na wazazi na watoto wawili. Katikati ya jiko kulikuwa na mafiga makubwa ya siku zote, na juu yake dari la mianzi, pale wanapokaushia mahindi ya mbegu kwa moshi. Mafiga yale yalikuwa baridi. Tumpe alikuwa amepanga mawe mengine matatu mlangoni kabisa, anapika ameinama pale, mvua inampiga mgongoni, moshi unarudi wote usoni kwake.

Nikamsalimia, akaitikia. Nikamwuliza kwa nini anapikia mlangoni kama mtu aliyefukuzwa. Aliinua macho kwenye dari, akayashusha upesi. Nikatazama. Katikati ya mahindi ya mbegu kulikuwa na kopo la maziwa ya unga limefungwa nailoni.

"Kile ni nini?" nikamwuliza.

"Ni cha baba mkwe."

"Kina nini ndani?"

"Sijaambiwa. Lakini kila kikishushwa, ngedere wanakufa."

Hapa niwaeleze wale mliotoka mbali, wenyeji mnivumilie. Mke wa mtoto na baba mkwe wake hapa hawakutani. Wanaita kutila. Akimwona anakuja, anatoka njiani. Mzee naye akikaribia anakohoa kwa mbali ampe nafasi. Mke hakalii kigoda cha mzee, hashiki kitu chake, hasemi naye, na mzee hakanyagi jikoni kwa mke wa mtoto wake. Mjini limelegea, lakini kwa watu kama Mzee Mwangoka bado ni sheria. Mimi ni mgeni, na kwetu tuna yetu. Sina ugomvi na heshima ya mtu.

Tumpe akaniambia yote kwa sauti ya chini huku akikoroga. Kopo lililetwa na mama mkwe wakati wa mvua za mwaka uliopita. Tumpe alipoelewa ni nini, alimweleza mama mkwe hofu yake. Akaambiwa anyamaze, ni kitu cha baba. Hakuweza kukishusha kwa mkono wake, basi akahamisha moto. Wakaanza kumwita mvivu, halafu mwenye maringo, mwanamke asiyetaka kupika kwenye mafiga aliyoyakuta. Alivumilia. Sasa dari limekosa moto, baruti imeanza kulowa, na ngedere wa mwisho mzee alimpata kwa shida. Asubuhi ileile tuliyofika sisi, mama mkwe alikuwa amemletea ujumbe. Mpaka jioni moto uwe umerudi katikati, na uwe mkubwa.

Nilichukua ndoo ya maji nikaumwagia moto wake, wali ukiwa haujaiva. Nikamwambia atoke na awatoe watoto. Kisha nikapanda kigoda, nikalishusha kopo kwa mikono miwili, nikatoka nalo polepole mpaka kule mwisho wa uwanja, nikaliweka chini mbali na nyumba. Nikalifungua. Baruti ilikuwemo. Na fataki zilikuwemo, kopo hilohilo, zimefungwa kwenye kipande cha gazeti na kulazwa juu ya baruti kama mayai. Nikaliinua lile gazeti kwa vidole viwili, nikaliweka mbali na kopo.

Nilimwita polisi, akamwaga chai. Mzee akaja nyuma yake, mkewe nyuma ya mzee. Nilitegemea aone aibu. Hakuona. Alinishangaa, kama fundi anayemshangaa mtu asiyeelewa kazi nzuri.

"Mama," akaniambia, "kufuli lolote linavunjwa. Mwizi akija anavunja sanduku, atalikuta tupu. Jikoni kwa mke wa mtoto wangu haingii mwanaume. Na yeye mwenyewe kitu changu hawezi kukigusa. Tena pale panakauka. Nililifikiria sana jambo hili."

Alikuwa amelifikiria kweli, na hilo ndilo lililonichoma. Aliwafikiria wezi. Akafikiria unyevu, panya na sisi wakaguzi. Akaigeuza heshima ya yule binti kuwa kufuli, na kama kufuli ilifanya kazi vizuri kuliko lolote nililowahi kukagua. Mtu mmoja tu hakumfikiria, yule aliyekuwa anainama chini yake asubuhi, mchana na jioni akipuliza kuni. Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia mbele yenu. Nilimwuliza cheche ikiruka kwenye yale mahindi makavu nani anakufa, yeye aliyeko sebuleni au mwenye mwiko mkononi.

Akasema angejua kama binti anaogopa. Mbona hakusema?

"Aseme na nani?" nikamwuliza.

Mkewe akainama. Akasema kwa sauti ndogo kwamba binti alisema, alimwambia yeye mama mkwe, naye akamkumbusha heshima.

Ndipo Tumpe akasema. Alikuwa amesimama nyuma ya ukuta wa jiko, hatumwoni, sauti tu.

"Taata, nisamehe kwa kusema. Nina watoto wawili na wote wananifuata jikoni. Moto sitaurudisha."

Nadhani mzee alikuwa hajawahi kuisikia sauti ile ikimwelekea. Aligeuka akaupa ukuta mgongo, kama inavyotakiwa, akavuta kofia yake chini. Kisha akamwambia mkewe, "Mwambie nimesikia." Na mkewe akatembea mpaka kwenye ukuta, akamwambia Tumpe kwamba baba amesikia, wakati Tumpe alikuwa amemsikia kama tulivyomsikia sote. Nilikuwa nimeiokota tena ile ndoo tupu. Namshukuru Mungu ilikuwa tupu.

Baruti tuliondoka nayo, na gobole likakaa kituoni mpaka mzee atengeneze mahali. Alitengeneza, sitamdhulumu. Alijenga stoo ndogo ya tofali mbali na nyumba, akahamishia sanduku lake la mninga, fataki akazitengea kisanduku chake chumbani, ufunguo shingoni. Nilikagua, nikapitisha. Kwa makaratasi, mambo yakawa yameisha.

Kijijini yalikuwa yanaanza. Habari iliyozunguka Busale haikuwa ya baruti. Ilikuwa kwamba mke wa mtoto wa Mwangoka amemsemesha baba mkwe mbele ya polisi. Wazee wakakaa. Tumpe akatakiwa apeleke kuku wa kuomba msamaha kwa kuvunja heshima, na akampeleka, jogoo mzuri wa kwake mwenyewe. Aliyeweka baruti juu ya kichwa chake hakutozwa hata yai. Nilipopata habari hiyo nilitaka kupanda bodaboda niende nikawaulize wale wazee kuku wa kumwomba Tumpe msamaha yuko wapi. Wenzangu ofisini wakanizuia, wakasema mimi ni mgeni na hayo ni ya watu. Ya watu! Mtu akiungua, hospitali anapelekwa na wageni pia.

Kwa hiyo sikilizeni, na hili si kwa Busale peke yake, wala si kwa wenye magobole peke yao. Wewe wa mjini mwenye bastola ya leseni na kasha la namba za siri, mkeo anajua lina nini? Dada wa kazi anajua asipige pasi juu yake? Mkija kwangu mnauliza mwizi ataingiaje. Mwizi huja mara moja maishani, na pengine haji kabisa. Aliyeko ndani yupo kila siku. Akijua kilichomo, anaweza kukwambia hapa si mahali pake. Akificha hofu yake kwa sababu yako, basi umemfungia humo pamoja na risasi. Sichagui tena sanduku na mwanaume aliyekuja peke yake. Njooni wawili, na yule anayepika ndiye atakayekaa karibu na mimi.

Kabla sijastaafu nilipita Busale mara ya mwisho. Stoo ilikuwa sawa, kavu, bawaba hazijaguswa. Nikaenda jikoni kumuaga Tumpe. Mafiga ya katikati yalikuwa baridi vilevile. Alikuwa mlangoni, ameinama, mvua mgongoni, watoto wamesimama nje upande ambao hakuna moshi.

Nikamwambia, "Tumpe, nimetoka kule stoo sasa hivi. Baruti imo yote, nimeiona kwa macho yangu. Mbona hurudi kati?"

Aligeuza wali wake kwanza, akaufunika.

"Najua uliiondoa, mama, ndaga fijo," akasema. "Lakini hapa nyumbani hakuna aliyeniambia kwamba haitarudi."